Sketi ya kwanza: kazi ya kufanya kabla hujakanyaga cherehani

Wengi wanaoanza kushona wana haraka ya kukaa kwenye cherehani. Haraka hiyo naielewa, kwa sababu ule mlio ndio unaomwambia mtu kwamba sasa anashona kweli. Lakini sketi nyepesi ya msimu wa joto, ile ya lastiki kiunoni, ina mishono mitatu tu ya lazima, na yote imenyooka: wa kuunganisha, wa njia ya lastiki na wa pindo. Kitambaa, vipimo na pasi ndivyo vinavyoamua kama itakukaa au itabaki kabatini. Kwa hiyo nitakaa sana huko, na kwenye cherehani nitapita upesi.

Anza na kitambaa. Kwa joto, chukua pamba nyepesi au kitani. Vyote viwili vinanyonya jasho na kupitisha hewa, na kwa anayejifunza vina faida nyingine: havitelezi mezani, vinakatika sawa, na vikikunjwa kwa pasi vinashika mkunjo. Viskosi, kitambaa laini na kinachoteleza, ni tamu sana kuvaa, inateremka vizuri mwilini, ila wakati wa kukata inahama kila ukiigusa. Iache kwa sketi ya pili au ya tatu. Satini na shifoni ziache kwa muda mrefu zaidi.

Ukiwa dukani fanya majaribio mawili. Kwanza weka kiganja nyuma ya kitambaa, uelekee kwenye mwanga. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, utalazimika kuvaa kitu ndani. Pili, kifinyange ndani ya ngumi kwa muda kidogo kisha kiachie. Makunyanzi yatakayobaki hapo ndiyo utakayokuwa nayo ukiinuka kwenye kiti. Halafu angalia ua. Maua madogo yaliyotawanyika yanasitiri mshono uliopinda kidogo, lakini mistari na miraba mikubwa inaanika kila kosa, na ukifika kwenye mshono itabidi uipatanishe mstari kwa mstari. Angalia pia kama maua yana juu na chini.

Uliza upana wa kitambaa kabla ya kusema unataka mita ngapi. Vingi vina upana wa sentimita 110 hadi 115, vingine 140 hadi 150, na tofauti hiyo inabadilisha hesabu yote.

Sasa vipimo. Funga kamba kiunoni, pale hasa unapotaka sketi ikae, si pale unapodhani kiuno kinapaswa kuwa. Pima kiuno juu ya kamba hiyo. Kisha pima nyonga kwenye sehemu pana kabisa ya makalio, ambayo kwa watu wengi iko sentimita 18 hadi 20 chini ya kiuno. Urefu upime kuanzia kwenye kamba hadi unapotaka pindo liishie. Simama wima, na kama unaweza, mtu mwingine akusomee tepu, kwa sababu ukiinama kusoma mwenyewe kipimo kinadanganya.

Tuseme kiuno ni 82, nyonga 104, na unataka sketi ya urefu wa 70, yote kwa sentimita. Kwa kitambaa chepesi, upana wa sketi uwe kama mara moja na nusu ya nyonga. Ukizidi sana marinda yanarundikana kiunoni na kukunenepesha, ukipunguza sana unakosa nafasi ya kupiga hatua. Mara moja na nusu ya 104 ni 156. Kitambaa chenye upana wa 150, ukitoa sentimita 3 za mshono, kinakuachia 147, na hiyo inatosha kabisa. Maana yake unakizungusha mwilini kikiwa kipande kimoja na kushona mshono mmoja tu wa nyuma. Kwa mtu anayeanza hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Kwa kitambaa cha 115 utahitaji vipande viwili, kila kimoja upana wa 81, vikutane ubavuni.

Kwenye urefu ongeza sehemu za kukunja. Lastiki ya upana wa sentimita 2.5 inahitaji njia yake: kunja 1 kwanza, halafu 3.5, jumla 4.5. Pindo la chini: kunja 1, halafu 3, jumla 4. Ukijumlisha na 70 unapata 78.5, sema 79. Kwa kipande kimoja nunua mita moja, kwa vipande viwili nunua mita moja na robo tatu. Ziada hiyo ina kazi yake: pamba na kitani hurudi vikiingia majini.

Ndiyo sababu kitambaa kinafuliwa kabla ya kukatwa, na nakusihi hatua hii usiiruke. Kifue namna ileile utakavyoifua sketi yenyewe. Kama ni maji ya moto, iwe maji ya moto. Kirudi sasa kikiwa bado ni kitambaa, kisije kurudi kikiwa nguo. Rangi ya kuchuja nayo itachuja hapo hapo.

Kikikauka, kipige pasi kote, kisha nyoosha ukingo. Dukani kitambaa mara nyingi hukatwa upande, na ukipima kutoka kwenye ukingo uliopinda, sketi yote itafuata upinde huo. Chanja kidogo kwa mkasi pembeni, shika uzi mmoja wa mshindio, yaani ule unaokwenda kwa upana wa kitambaa, na uuvute polepole. Kitambaa kitajikusanya na kuacha mstari mwembamba unaoonekana wazi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kata ukiufuata mstari huo. Hapo unajua umekata sawa na nyuzi, na urefu wa sketi utafuata nyuzi za mtande zinazoshuka moja kwa moja chini. Sketi iliyokatwa hivyo haining'inii upande mmoja baada ya kufuliwa.

Kitambaa kikiwa kimeshakatwa, cherehani bado isubiri. Kitandaze kwenye meza ya pasi kikiwa bapa na ukunje njia ya lastiki na pindo sasa hivi, kabla ya kuunganisha. Chukua kipande cha karatasi ngumu, chora mistari ya sentimita 1, 3 na 3.5 kutoka ukingoni, kiweke juu ya upande wa nyuma wa kitambaa, rudisha ukingo juu yake hadi kwenye mstari unaoutaka, kisha piga pasi kwa kubonyeza na kuinua. Usisukume pasi kama unayepiga shuka, maana inavuta kitambaa na kukipindisha. Sogeza karatasi, rudia, hadi mwisho. Kisha mkunjo wa pili vivyo hivyo. Ukimaliza, fungua mikunjo yote. Alama zitabaki, na baadaye kitambaa kitajikunja chenyewe palepale. Kujaribu kukunja pindo sawasawa kwenye duara lililokwisha shonwa ni kazi ya kuchosha, na hakuna sababu ya kujipa.

Sasa cherehani. Weka sindano mpya namba 80, au 70 kama kitambaa ni chembamba sana, na uzi wa poliesta ulio imara. Uzi wa bei ya kutupa hutoa manyoya na kukatika katikati ya mshono. Hatua ya cherehani, yaani urefu wa kila mshono mdogo, iwe milimita 2.5. Jaribu kwanza kwenye kibaki cha kitambaa hichohicho, kikiwa kimekunjwa mara mbili. Ukiona vitanzi vimejaa upande wa chini, usikimbilie kurekebisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mara nyingi uzi wa juu haukuingia vizuri kwenye visahani vya kuukaza. Inua mguu wa cherehani, pitisha uzi upya tangu mwanzo, halafu jaribu tena.

Unganisha pande nzuri zikiangaliana, sentimita 1.5 kutoka ukingoni, na uanze na kumaliza kwa kurudisha nyuma hatua chache. Kingo zipige zigizaga zisifumuke, kisha fungua mshono kwa pasi huku na huku. Kila mshono upigwe pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine. Hili likiingia mkononi mapema, nguo zako zote zitafaidika.

Rudisha mkunjo wa juu, bana kwa pini, na shona milimita 2 au 3 kutoka kwenye ukingo wa chini wa mkunjo huo. Acha mlango wa sentimita 5 karibu na mshono wa nyuma. Lastiki ikate fupi kuliko kiuno kwa sentimita 5 hivi, na uongeze 2.5 za kupandishana ncha: kwa kiuno cha 82 ni kama 80. Hiki ni kianzio tu, kwa sababu lastiki hazilingani ukali.

Toboa ncha moja kwa pini kubwa ya kufunga, ya aina inayofungia nepi. Ncha ya pili ibane kwenye kitambaa karibu na mlango, la sivyo itakufuata ndani na utaanza upya. Sukuma pini kwa vidole ukiihisi juu ya kitambaa, kusanya marinda nyuma yake, yavute yapite, endelea. Ikifika kwenye mshono wa nyuma inaweza kukwama kwenye posho, yaani ule ukingo wa kitambaa uliobaki nje ya mshono na kufunguliwa kwa pasi. Usiisukume kwa nguvu. Irudishe nyuma kidogo na uinamishe ncha ipite juu ya posho. Lastiki inapojipindua ndani, utaihisi kama fundo, na huo ndio wakati wa kuinyoosha.

Kabla ya kushona ncha, ziunganishe kwa pini na uvae sketi. Kaa kitini. Inama. Tembea nayo ndani ya nyumba kwa muda. Lastiki inayokaa vizuri ukiwa umesimama mbele ya kioo inaweza kukubana tumbo ukishakaa na kula, na ni rahisi sana kuilegeza sasa kuliko baadaye. Ukiridhika, pandisha ncha moja juu ya nyingine, shona mraba wenye msalaba katikati, funga mlango. Gawanya marinda sawasawa, kisha piga mshono mfupi wa kusimama juu ya lastiki kwenye mshono wa nyuma, isijizungushe ikifuliwa.

Pindo ni la mwisho. Kwa kuwa sketi hii imenyooka na nyuzi, huhitaji kuitundika usiku kucha kwanza, kama inavyohitaji sketi ya duara, ambayo sehemu zake zilizokatwa mshazari hushuka zaidi ya nyingine. Vaa, hakikisha urefu unakupendeza ukiwa na viatu utakavyovaa nayo, rudisha mikunjo yako ya pasi na ushone karibu na ukingo wa juu wa pindo. Kama hutaki mstari wa uzi uonekane nje, pinda kwa mkono, ukichota uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa kila unapochoma sindano. Usikaze uzi huo, maana pindo lililokazwa hujikusanya na kuonyesha vishimo kila mahali ulipochoma.