Unataka kusomea virusi vya kima? Anza na kima mwenyewe

Msomaji mmoja wa Mbale ameniandikia: "Kaka, nimemaliza digrii ya biolojia, nataka kuingia kwenye utafiti wa virusi. Nianzie wapi?" Ujumbe umenikuta na barua ya kukubaliwa shahada ya uzamili mkononi, kwa hiyo mnivumilie nikijisifu kidogo.

Ombi langu la kwanza la ufadhili lilikataliwa. Mzee mmoja kwenye jopo aliuliza kwa sauti: nchi ina wagonjwa, wewe unahangaika na kima wasiougua? Wenzake wakacheka. Inaniuma hadi leo, basi jibu lake hili hapa.

VVU-1 kundi M, iliyoenea duniani kote, ilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Kirusi cha sokwe hao, SIVcpz (SIV ni virusi vya kima na sokwe vilivyo jamaa ya VVU), nacho ni mchanganyiko wa virusi vya kima wa aina tofauti ambao sokwe huwawinda na kuwala. VVU-2 ilitoka kwa kima aitwaye sooty mangabey wa Afrika Magharibi. Na huko kutougua ndiko kwenye utamu! Kirusi hujaa tele kwenye damu ya mangabey, lakini kinga yake hutulia mapema. Kirusi hicho kikimwingia makaku, kima wa Asia, anapata UKIMWI. Ni mazoea ya kale sana haya: kwa kulinganisha virusi vya kima wa kisiwa cha Bioko, kilichotengana na bara zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na vya jamaa zao wa bara, watafiti walikadiria mwaka 2010 kwamba SIV ina angalau miaka 32,000.

Sasa njoo kwetu, msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Mbega wekundu wana kirusi chao, SIVkrc. Mbega weusi kwa weupe wana SIVkcol. Sokwe wa msitu huo huwala mbega wekundu, damu na yote, lakini waliopimwa hawakukutwa na SIVcpz. Kuliwa peke yake hakutoshi. Mwilini kuna protini za ulinzi kama APOBEC3G, na kirusi lazima kiwe na Vif (protini yake ya kuzima ulinzi huo) inayoifaa APOBEC3G ya mnyama huyo, kama ufunguo na kufuli yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, jifunze wanyama. Nani anamla nani, nani anamng'ata nani, makundi gani yanachangia mti mmoja wa matunda. Vijana wengi mnakimbilia mashine za kusoma vinasaba, na mashine haitakuambia hayo. Makerere wana kituo Kanyawara, ndani ya Kibale. Omba hata kazi ya kubeba mikoba. Waheshimu wasaidizi wa msituni, wanaomtambua kila mbega kwa mkia. Nasema tena, jifunze wanyama.

Usione haya kuokota kinyesi. SIV ya sokwe hupimwa humo, bila kumchoma mnyama sindano. Vaa glavu na barakoa, maana mafua yetu huwaua sokwe. Na andika jina la mnyama kwenye kichupa palepale, kabla hujasogea.