Ngoma za makopo, manyanga ya chupa na ile kunde iliyoingia puani

Dada umeuliza mtoto wako wa miaka minne anayegonga masufuria kutwa nzima umtengenezee nini cha kupiga, maana kile kinanda cha betri cha dukani kimekufa ndani ya wiki mbili. Wadau naona wanakwambia nunua kingine, mi nakwambia acha hiyo hela ikae. Nina wawili, wa kike ana sita na mdogo wake wa kiume ana mitatu, kazi yangu ni ya shifti kwa hiyo asubuhi nyingi niko nao mwenyewe hapa Tanga, na karibu mwaka mzima sasa tunatengeneza vikorokoro vya kupiga, vingine vimekubali vingine vimegoma kabisa.

Kosa langu la kwanza, nilitengeneza mimi. Usiku wamelala nikakata, nikapaka rangi, nikabandika makaratasi ya kung'aa, asubuhi nikawapa wakatikisa mara tatu wakarudi kwenye masufuria yao. Na walikuwa sahihi, vilikuwa vya kutazama tu, mlio hamna. Nilijaza mchele chupa nzima mpaka shingoni, sasa mchele uliobanana hivyo utalia wapi? Manyanga inataka nafasi. Chupa ya maji ya nusu lita weka robo tu, hata pungufu, punje zipate pa kukimbilia.

Siku hizi naanza na mlio, mapambo baadaye wakitaka wenyewe. Naweka vibakuli chini, mchele, mahindi, mchanga, vikokoto, kila mtu anachagua anatia kwenye chupa anatikisa karibu na sikio. Mchele unanong'ona, mahindi yanagombana, mchanga ni kama mvua iko mtaa wa pili. Alafu chupa tunazivalisha soksi kuukuu na mwenzio anakisia ndani kuna nini, na huyu wa miaka mitatu anamfunga dada yake kila siku kwenye huo mchezo sijui masikio kayatoa wapi. Kitu alichokichagua mwenyewe hakitupi.

Sasa kunde. Mdogo alifungua kizibo cha chupa tuliyotia kunde mi nageuza chapati, akachukua kunde moja akaisukuma puani. Nikahangaika nayo na kibanio cha nyusi cha mama yake ndo nikaipeleka ndani zaidi, wewe usijaribu. Tukakimbia zahanati nikijua atawekewa machuma, kumbe nesi hata hakushika kifaa, akamwambia mke wangu amzibe kwa kidole tundu la pua lisilo na kunde, aweke mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, apulize kwa nguvu mara moja. Kunde ikaruka ikampiga mama mtu shavuni! Nesi akasema tungelala nayo ingelowa ikavimba humo humo na hapo ndo ingekuwa kesi. Tangu siku hiyo kizibo kinapigwa supa gluu (napiga mimi) na selotepu juu yake, na chupa ikipata ufa hatuirekebishi, inakwenda jalalani.

Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi, utaambiwa kayamba za zamani za matete zilikuwa zinawekwa hizo. Kweli zinalia vizuri, ila zina sumu, ikitafunwa hata chache ni hatari. Wakubwa wapige, kwa watoto wadogo mahindi yanatosha.

Ngoma ilinisumbua zaidi. Enzi zetu ulikuwa unavuta rambo juu ya kopo unakaza na mpira wa baiskeli basi umemaliza, sasa mifuko hiyo ya plastiki imepigwa marufuku toka Juni 2019 na ngoma yetu imeondoka nayo. Wengi wanashauri puto, mlio wake mzuri, lakini linapasuka na vipande vya puto vinakaba watoto, mi nilikataa. Kilichokubali ni selotepu pana ya kahawia ya kufungia maboksi. Chukua kopo la maziwa ya unga, kingo za bati zipige msasa kwanza, kisha vuta selotepu ikatize mdomo wa kopo kutoka huku kwenda huku, nyingine ikatize juu ya ile, endelea kuzunguka mpaka mdomo wote uzibe, rudia tabaka la pili na la tatu. Ikaze kwelikweli, uvutaji ni kazi yako, mtoto ashikilie kopo. Ukiondoa na kitako cha kopo, mlio unatoka vizuri zaidi. Ya kwetu imefikisha miezi minne na inapigwa na vijiko.

Visoda navyo usitupe, viponde bapa visikate, toboa kwa msumari, tunga kwenye waya. Ila ndani kuna kale kaplastiki, kang'oe kwanza, kakibaki visoda havilii vinakohoa tu.

Chupa za soda za kioo ndo zilinifundisha adabu. Tulipanga tano, kila moja maji yake, wakawa wanagonga kwa mwiko, yenye maji mengi sauti nzito, yenye machache nyembamba, wakazipanga kwa mstari kutoka nzito kwenda nyembamba, nikajiona mwalimu. Kesho yake dada mtu kachukua zilezile anapuliza juu ya mdomo wa chupa, akanifuata, "baba zimegeuka." Nikamwambia haiwezekani. Nikapuliza mwenyewe, aisee kweli, yenye maji mengi ndo imekuwa nyembamba! Chai ilipoa nikiwaza. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo, maji yanakiongezea uzito kinatetemeka taratibu, sauti inashuka. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu, maji yakiwa mengi hewa inabaki fupi, sauti inapanda. Fizikia nimeisoma mpaka form four na hilo nimekuja kuonyeshwa na mtoto wa darasa la awali.

Kitu kingine, kama umewahi kusikia ilimba, zile marimba za Wagogo za kupiga kwa vidole gumba, alizokuwa anapiga marehemu Hukwe Zawose, utakumbuka kuna mvumo kama wa nyuki unaofuata kila mlio. Ule unatoka kwenye tundu la sanduku lililozibwa na utando wa buibui. Kwa watoto unapata ndugu yake kwa dakika mbili: kile kibomba cha ndani cha toilet pepa, ziba upande mmoja kwa nailoni ya mkate, funga na raba bendi, toboa katundu pembeni, alafu weka mdomo upande ulio wazi uimbe "duu duu". Uimbe, usipulize, ukipuliza hutoki na kitu, hapo watoto wote wanakosea na wakubwa pia. Marimba yenyewe ya vyuma usiguse kwa umri huo, mi nilijaribu na spoku za baiskeli, kuzifua tu ziwe bapa kulinimalizia Jumamosi nzima na ukucha mmoja.

Bibi yao alipokuja kutoka Muheza alitucheka na maselotepu yetu. Akaenda uani akakata bua la jani la papai, akaacha ncha moja imeziba, akapasua mwanya mwembamba kwa wembe karibu na ile ncha, akaosha utomvu vizuri maana unawasha midomo, akapuliza. Inalia kama mbuzi aliyeibiwa. Jioni imenyauka na kesho unakata nyingine.

Kelele utalalamikiwa, hilo jiandae. Mi nimeelewana na mama mwenye nyumba, saa nne mpaka saa tano asubuhi, nje chini ya mwembe, baada ya hapo makopo na chupa vinapanda juu ya kabati. Zile filimbi za bibi ndo zimenishinda, mpapai siwezi kuupandisha kabatini.