Kujua batalioni ya babu aliyekuwa Keya vita ya pili

Swali ni hili: babu wa Tanganyika alipigana Burma, cheti chake cha kuachishwa jeshi kimeandikwa KAR tu (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, ndilo huitwa Keya), namba imefifia, na familia inataka kujua alikuwa kikosi gani. Jibu linapatikana mara nyingi, mradi usianze na jina.

Kwanza hakikisha kweli alikuwa KAR. Huku kwetu kila mzee aliyevaa sare ya Mwingereza huitwa Keya, lakini maelfu yao walikuwa vikosi vingine. Ukiona EAASC, huyo alikuwa uchukuzi na ugavi, madereva wengi wako humo. EAEME ni mafundi, EAAMC ni matibabu. Ukimtafuta dereva kwenye batalioni za KAR utazunguka bure.

Namba ya jeshi ndiyo ufunguo. Kama imefifia, laza cheti mezani, zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni karibu na karatasi, halafu piga picha kadhaa kwa pembe tofauti. Alama ya kalamu iliyokandamiza karatasi huonekana hata wino ukishatoka. Usiloweshe cheti wala kukitia plastiki ya moto. Nakili namba pamoja na herufi zilizotangulia, maana askari wawili wanaweza kuwa na tarakimu zilezile wakatofautiana kwa herufi tu.

Jina ni ushahidi dhaifu. Karani aliandika alivyosikia: L inageuka R, G inakuwa K, jina la baba linakaa mahali pa ukoo. Liweke kama kithibitisho cha mwisho, pamoja na jina la baba, wilaya na jumbe wake.

Sasa batalioni zenyewe. Mwanzoni mwa vita ziliandikwa kwa mkwaju: 1/6, 2/6, 3/6, yaani batalioni ya kwanza, ya pili na ya tatu za KAR ya sita, ya Tanganyika. Baadaye zikapewa namba mpya, kwa mfano 3/6 ikawa 36. Watu wengi wanakwama hapa: wanaona karatasi ya 1941 inasema 3/6 na ya 1944 inasema 36, wanadhani alihamishwa. Ni kikosi kilekile. Mabano nayo yanasaidia: (TT) ni Tanganyika, (K) Kenya, (U) Uganda, (NY) Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Za Tanganyika ni 6, 26, 36 na 46. Usikisie kwa tarakimu ya mwisho pekee, kwa kuwa 11 na 71 zote zinaishia na 1, lakini 11 ni ya Kenya na 71 ni ya Somaliland. Na mabano yanataja batalioni iliandikishwa wapi. Hayathibitishi kwamba kila askari alitoka huko.

Ukikosa namba ya batalioni, tumia tarehe na mahali. Burma kulikuwa na makundi mawili ya Afrika Mashariki. Divisheni ya 11, yenye nembo ya kichwa cha kifaru begani, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya 1944 hadi Kalewa na mto Chindwin mwezi Desemba, kisha ikaondolewa mstari wa mbele. Humo mlikuwa na 26 na 36. Brigedi ya 28 ilikuja peke yake, ikapigana upande wa Letse mapema 1945, ikiwa na 7 (U), 46 (TT) na 71. Kwa hiyo Mtanganyika wa KAR aliyejeruhiwa vitani Burma Februari 1945, mtafute kwanza 46. Angalia tu tarehe isiwe ya kulazwa au kufia hospitali, maana majeruhi wa Desemba anaweza kuwa amefariki Machi.

Nishani zinapunguza uwanja, hazimalizi kazi. Burma Star inasema alifika eneo lile la vita. Africa Star inahusu pia Abyssinia na Somaliland, lakini Madagascar ya 1942 haikuhesabiwa humo. Usitegemee kukuta jina limechongwa ukingoni. Hilo ni la nishani za vita ya kwanza.

Kama hakurudi, tafuta kwenye orodha ya CWGC (Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita), ambayo mara nyingi hutaja batalioni. Ukikuta askari wa mizinga wa East African Artillery, tarehe 12 Februari 1944, hiyo ni siku meli Khedive Ismail ilipozamishwa Bahari ya Hindi na nyambizi ya Kijapani. Ilikuwa imebeba regimenti ya mizinga ya 301. Majina ya namna hiyo yako kwenye East Africa Memorial, Nairobi.

Mwisho ni shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, ziko National Archives, Kew, Uingereza. Miezi ya Afrika Mashariki omba fungu la WO 169 (WO ni War Office, wizara ya vita). Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Burma omba WO 172. Batalioni ileile imegawanyika kwenye mafungu hayo mawili, ndiyo maana mtu anasoma moja na kudhani rekodi imekatika. Humo maofisa wazungu wanatajwa kwa majina, askari wetu wanahesabiwa tu chini ya herufi AOR (African Other Ranks, Waafrika wasio maofisa): wangapi wamekufa, wangapi wamejeruhiwa. Inauma kusoma hivyo, lakini ukiwa na tarehe ya jeraha unailinganisha na hesabu ya siku hiyo. Ikiwa babu alipata Military Medal, nishani ya ushujaa, angalia WO 373. Pale jina, namba na kikosi vimeandikwa pamoja, na mara nyingi hata alichokitenda.

Ukiomba msaada, weka picha ya cheti, pande zote mbili. Upande wa nyuma ndiko makarani walikopiga mihuri ya kambi na tarehe za kuachishwa, na familia nyingi hupiga picha ya mbele tu.