Aliye Mdogo Aanze Kusema: Niliyojifunza Kuongoza Studio ya Katuni

Miaka michache iliyopita, nikiongoza studio ya watu sita hapa Dar es Salaam, nilitoa agizo ambalo hadi leo huwasimulia vijana wanaokuja kuniuliza wanunue kompyuta gani ili waanze kazi ya katuni. Tulikuwa katikati ya filamu ya dakika tano ya elimu ya afya, na toleo jipya la Blender, programu ya bure ya kutengenezea katuni, lilikuwa limetoka siku chache kabla. Nilikesha nikitazama video za kulisifu, na asubuhi nikaagiza kompyuta zote ziwekewe toleo hilo kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyenipinga. Siku ya tatu tukagundua kwamba mhusika wetu mkuu, bibi mwenye mkongojo, kila akiinua mkono kiwiko chake kinapinda kinyume, kwa sababu ile mifupa inayofungwa ndani ya mhusika ili aweze kusogea ilitegemea kiongezo, yaani programu ndogo ya kuiongezea Blender uwezo, kilichoandikwa kwa ajili ya toleo la zamani. Kijana aliyeijenga mifupa hiyo, ambaye ndiye tuliyemwajiri mwisho, aliniambia kwa sauti ya chini: "Nilijua, kaka, lakini ulikuwa umeshaamua."

Ili uelewe kwa nini maneno hayo yaliniuma kuliko kiwiko chenyewe, tupige hesabu. Filamu ya dakika tano, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 7,500. Ikiwa kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe mwanga na kivuli, kunachukua dakika nne kwa kila picha, hizo ni saa 500, ambazo kwa kompyuta moja inayofanya kazi usiku na mchana ni karibu siku 21. Ukiwa na kompyuta tatu ni siku saba, umeme usipokatika. (Na kwa kuwa utakatika, renda picha mojamoja kwenye folda badala ya faili moja la video, ili umeme ukirudi uendelee ulipoishia, ushauri huu peke yake ungeniokolea usingizi mwingi nilipoanza.) Kosa linalosemwa siku ya kwanza linagharimu aibu ya nusu saa, lakini kosa hilohilo likigunduliwa baada ya kurenda hugharimu wiki nzima na uvumilivu wa mteja. Kwa hiyo kiongozi wa studio anayetaka teknolojia mpya imletee faida, kabla ya kuhangaikia kadi ya michoro, ajiulize kama watu wake wanaweza kumpa habari mbaya mapema.

Hata wakubwa wa kazi hii wamepitia hapo. Mwaka 1998, wakati Pixar, studio ya katuni ya Marekani, ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu mmoja aliendesha amri iliyoanza kufuta mafaili ya filamu kwenye mtambo mkuu wa kuhifadhia, na walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikihifadhiwa ipasavyo bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, aliyekuwa amejifungua na kwa sababu hiyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani akiwa na nakala yake. Ed Catmull, mmoja wa waliokuwa wakiiongoza kampuni na ambaye mwenyewe ni mwanasayansi wa kompyuta, hakupoteza muda kumsaka aliyeandika amri ile. Siku ya msiba kama huo nguvu nyingi huenda kwenye kutafuta wa kulaumiwa, na kuanzia hapo kila mtu hujifunza kuficha. Pixar pia walikuwa na kikao cha waongozaji walioambizana ukweli kuhusu kazi ambayo haijakamilika, na maoni yao hayakumfunga mwongozaji wa filamu.

Nilijaribu kukiiga kikao hicho kama kilivyo, kikanishinda. Kwetu kijana aliyeniamkia "shikamoo" asubuhi hawezi kuniambia saa tano kwamba nimekosea, hata nikimwomba kwa upole namna gani, na mimi mwenyewe katika umri wake nisingethubutu. Ndipo nikabadili utaratibu: kila Jumatatu tunatazama kazi ya wiki iliyopita, aliye mdogo kuliko wote anaanza kusema, mimi nasema mwisho, na kabla ya zamu yangu siruhusiwi hata kuguna. Wiki tatu za kwanza tulikaa kimya kirefu cha kukera. Wiki ya nne yule kijana wa mifupa alitusimamishia picha ya bibi akitamka neno "mbwa". Tulikuwa tumenunua programu inayosikiliza sauti na kuchezesha midomo yenyewe, na mimi nilishaisifu mbele ya mteja, lakini ilikuwa imetengenezwa kwa matamshi ya Kiingereza. Midomo ya bibi ilikuwa wazi pale ambapo Mswahili yeyote huifumba. Sote watano tuliobaki tulikuwa tumeitazama sehemu hiyo zaidi ya mara kumi bila kuona kitu.

Tangu hapo kifaa kipya, iwe programu ya midomo au hivi vya akili mnemba vinavyoahidi kuchora mandhari kwa sentensi moja, hujaribiwa na mtu mmoja, kwa nakala ya kazi, kwa kipande cha sekunde 20 ambacho tayari tulikitengeneza kwa njia ya zamani. Tunaweka vipande viwili sambamba na kuhesabu saa zilizotumika, zikiwamo za kurekebisha makosa ya kifaa, ambazo wauzaji hawazitaji. Uhaba wa vifaa sasa ni kisingizio dhaifu. Blender ilifunguliwa kwa umma mwaka 2002, baada ya watu kuchanga euro 100,000 kupitia kampeni ya mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, na filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa programu hiyohiyo ya bure, ilishinda Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025.

Na kila Ijumaa jioni mtu mmoja, kwa zamu, hutajiwa faili lolote na kutakiwa alirudishe kutoka kwenye diski ya akiba mbele yetu. Mara mbili limegoma kufunguka.

Mwezi uliopita lilitoka toleo jingine jipya na mikono ikaniwasha. Nikalipeleka kikaoni Jumatatu, na binti aliyejiunga nasi mwaka huu akaanza: "Kazi ya mteja bado siku tisa, kaka. Mimi ningesubiri." Tuliliweka wiki moja baada ya kukabidhi kazi.