Maswali na majibu: Chuo utakielezaje ulivyosoma?

Wiki hii nimechagua waliosoma kwa njia ambazo ofisi ya udahili haizizoei.

Nimepata Division One ya pointi 7 kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Naomba chuo Marekani. Niandike GPA 4.0, yaani wastani wa juu kabisa wa kwao? (Mwanza)

Usiandike. Kila msimu nalijibu swali hili, na kila msimu linarudi limebadilisha mkoa tu. Kwa pointi 7 huna A tatu, sasa hiyo 4.0 umeitoa wapi? Kwenye kikokotoo cha mtandaoni, najua. Peleka matokeo kama NECTA, Baraza la Mitihani, ilivyoyatoa, kisha mwombe mkuu wa shule aambatanishe ukurasa mmoja unaoeleza mfumo wetu. Anayesoma maombi huko Ohio anaweza asijue kwamba kwetu pointi chache ndiyo sifa: Division One ya kidato cha sita ni pointi 3 hadi 9, na mwenye 20 amepata sifuri. Anaweza asijue kwamba A inaanzia 80, au kwamba E, yaani 40 hadi 49, bado ni kufaulu. Akiona masomo matatu ya mchepuo atadhani mengine uliyakimbia, asipoambiwa kwamba ndivyo tunavyosoma kwa miaka miwili. Ukurasa huo usijazwe vikombe vya UMISSETA, michezo ya sekondari.

Nilifanya Mtihani wa Maarifa (QT, unaomfungulia aliyeacha shule njia ya kidato cha nne), nikafanya kidato cha nne na cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nifiche? (Tabora)

Ufiche vipi wakati namba yako ya mtihani inaanza na P, herufi ya watahiniwa wa kujitegemea? Sema kwa sentensi mbili kwa nini ulitoka shule na ulisomaje baada ya hapo. Kama ulikuwa ukiuza duka mchana na kusoma tuisheni jioni, andika hivyo hivyo, bila machozi. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina sehemu ya maelezo ya ziada; ndiyo kazi yake. Insha iachie mambo mengine.

Mwanangu anasoma nyumbani kwa mtaala wa Kimarekani. Nani atajaza fomu ya shule? (Arusha)

Wewe, mama. Common App inamruhusu mzazi anayefundisha nyumbani kujaza nafasi ya mshauri wa shule. Ila usimpe A kila somo ukategemea kuaminiwa. Orodhesha kila somo, vitabu alivyotumia, nani alimfundisha na alipimwaje. Kisha tafuta ushahidi wa nje: SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuombea vyuo, au mitihani ya Cambridge kama mtahiniwa binafsi. Barua ya mapendekezo aandike mtu asiye ndugu.

Hukuniuliza, lakini nakuonya: safari ya Marekani ikikwama, mtarudi kuomba vyuo vya hapa. Hapa cheti cha mtaala wa nje lazima kipate ulinganifu wa NECTA kwanza, yaani NECTA iseme kinalingana na kipi cha kwetu. Waulize sasa, kabla hujalipa ada ya mwaka mwingine, kama cheti hicho kinakubalika. Nimeona wazazi wakiligundua hili dirisha la udahili likiwa limeshafunguliwa.

Nina A-level ya Cambridge, naomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Nitume cheti moja kwa moja? (Dar)

Soma jibu lililotangulia. NECTA kwanza.

Mkuu wa shule ameniambia niandike barua ya mapendekezo mwenyewe, yeye atasaini. (Songea)

Usiiandike. Mpelekee orodha ya uliyofanya, pamoja na tarehe ya mwisho, halafu kaa hapo mlangoni kwa adabu. Akikataa kabisa, nenda kwa mwalimu wa somo. Aya tatu za mwalimu wa fizikia anayekumbuka ulivyotengeneza saketi kwa vipuri vya redio zinashinda saini ya bosi asiyekujua jina.

Kuna dalali anasema atanyoosha matokeo yangu yaeleweke ng'ambo. Anataka laki tatu. (Moshi)

Kunyoosha huko ni kughushi. Chuo kinaweza kuthibitisha matokeo kwa baraza lenyewe, na ukishikwa baada ya kusajiliwa unaweza kufukuzwa, na viza ikaondoka nayo. Dalali utakuwa huna hata namba yake.