Posa tatu, na mzee anayehesabu herufi za majina

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 26. Ndani ya miezi miwili zimekuja posa tatu: mfanyabiashara wa vitenge, kijana aliyeko kazini Muscat, na ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu. Baba ameniachia nichague. Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu anichagulie lenye heri, siku saba, sijaota kitu. Shangazi akanipeleka kwa mzee mmoja, akahesabu herufi za majina yetu na ya mama zetu, akasema nyota yangu inaendana na wa Muscat. Je, hiyo nayo ni istikhara? Kila nikitaka kumkubali mmoja, moyo unarudi kwa wale wawili.

JIBU: Wa alaykumus salaam, binti yangu. Posa tatu ni heri, hazinitii wasiwasi. Kilichonisumbua tangu nisome barua yako ni yule mzee.

Hiyo si istikhara. Ni ramli, hata akitanguliza Yasini na kufukiza ubani. Wanaoitetea husema ni elimu, imo vitabuni, na wazee wetu waliitumia. Ramli kuandikwa kitabuni hakuihalalishi. Waarabu wa Jahiliya, zama za kabla ya Uislamu, nao walikuwa na desturi yao: mtu akitaka safari au kuoa, huchomoa mshale umwamulie. Mwenyezi Mungu akaliita jambo hilo ufasiki, katika Suratul Maida, aya ya 3. Mshale na herufi vina tofauti gani, ikiwa vyote vinaulizwa ghaibu, mambo yaliyofichika? Babu yako angempa mama yako jina jingine, leo mume wako naye angekuwa mwingine? Katika Sahihi Muslim, kitabu cha Hadithi, Mtume (s.a.w.) amesema anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi masiku 40. Swala zenyewe haziachwi, bado ni wajibu. Najua wewe ulipelekwa, na shangazi alikutakia mema. Tubu, na mwambie naye kwa upole.

Na ndoto je? Irejee dua ya istikhara aliyoipokea sahaba Jabir, iliyomo katika kitabu cha Hadithi cha Bukhari. Tunaomba: jambo hili likiwa na heri nami, nikadirie na unirahisishie, likiwa na shari, niepushie na uniepushe nalo, kisha uniridhishe. Ndoto imetajwa wapi humo? Tena Hadithi yenyewe inaanza, "akikusudia mmoja wenu jambo." Kusudia kwanza! Wewe umeswali huku umewashika watatu mkononi, unangoja usingizi ukuchagulie.

Fatima binti Qays (r.a.), mwanamke wa zama za Mtume, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kwa Mtume. Hakuambiwa akalale aote. Aliambiwa hali za watu: Abu Jahm haiweki chini fimbo yake, yaani hupiga wanawake, Muawiya hana mali, olewa na Usama. Usama hakumpendeza mwanzoni, lakini alimkubali, na yeye mwenyewe anasimulia kuwa Mungu alitia heri ndani yake.

Basi fanyeni hivyo. Baba, maana ndiye walii wako, msimamizi wa ndoa yako, awaulize waliofanya biashara na huyo wa vitenge: analipa madeni? Walioishi na wa Muscat chumba kimoja: swala yake ikoje, hasira zake zikoje? Wazazi wa watoto wa madrasa nao wataeleza mengi kuhusu ustadhi. Wewe muulize wa Muscat kama utafuatana naye au utabaki Tanga kungoja likizo; usilionee haya swali hilo. Tazama dini na tabia kwanza, kisha uwezo wako wa kuishi maisha anayoishi yeye.

Moyo kuwafuata wale wawili si ishara ya ghaibu. Wote watatu wana jambo la kupendwa, na ukimkubali mmoja utaona uchungu kidogo kwa kilicho kwa wenzake. Uchungu huo utakuja hata ukichagua vizuri, kwa hiyo usiusubiri uishe ndipo uamue. Moyo ukishaelemea kwa mmoja, swali rakaa mbili za istikhara, umtaje yeye katika dua, kisha baba atoe jibu. Wale wengine wajibiwe siku hiyohiyo, kwa maneno mazuri, wapate kuposa kwingine. Miezi miwili wamengoja.

Wallahu aalam.