Kabla bendi yenu haijaingia studio, sikilizeni dramu za Queen

Wadogo zangu wanaoniuliza habari za kurekodi huanza na bei ya studio kwa saa. Mimi huwapeleka kwanza kwenye albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka Uingereza Julai 1973, wakazisikilize dramu zake.

Mimi ni mpiga dramu, na kazi zangu nyingi nimezirekodi usiku, saa ambazo studio haina mteja na bei inashuka. Queen walifanya vivyo hivyo. Wenye studio ya Trident, London, waliwaruhusu kurekodi pale wateja wanaolipa wanapoondoka, mara nyingi usiku wa manane. Nafasi kama hiyo msiikatae. Ila jueni kwamba anayekusaidia ndiye anayeamua sauti yako, na mkiwa mmechoka saa tisa usiku hamna nguvu ya kubishana naye. Trident walipenda dramu zilizobanwa, kavu, zisizo na mwangwi. Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen, na Brian May, mpiga gitaa, walitaka dramu zinazopumua ndani ya chumba. Wakashindwa.

Nalijua jambo hilo kwa mikono yangu. Nimekaa kwenye kijichumba cha kurekodia, ngozi za dramu zimebandikwa tepu, kiki, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, imejazwa blanketi, nikaambiwa tutarekebisha baadaye. Baadaye unaweza kuongeza au kupunguza besi. Mlio ambao maikrofoni haikuupokea hauongezeki.

Kwa hiyo, kabla ya siku yenyewe, rekodini demo, yaani rekodi ya majaribio, mahali ambapo dramu zenu zinalia mnavyotaka, hata kama ni ukumbi wa shule. Mkifika studio, mpigieni fundi demo hiyo kabla hajagusa maikrofoni. Queen walikuwa nayo: mwaka 1971 walirekodi nyimbo tano katika studio mpya ya De Lane Lea, bila malipo, kwa kuwa walisaidia kuijaribu mitambo. Zilitolewa rasmi 2011 pamoja na toleo jipya la albamu. Linganisheni "Liar" ya demo na ile ya Trident. Mimi naipenda zaidi ile ya demo, hasa pale dramu zinapoingia. Na "The Night Comes Down" iliyomo ndani ya albamu ni rekodi ile ile ya De Lane Lea. Kuirudia Trident hakukuwaridhisha.

Wanaompenda Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kwa kuwa alizaliwa Unguja mwaka 1946 wasiiruke "My Fairy King". Piano ni yake mwenyewe, na kwa maelezo ya May, mstari mmoja wa wimbo huo ndio uliompa jina la Mercury.

Oktoba 2024 albamu ilitoka upya kwa jina la Queen I. Uimbaji na upigaji ni ule ule wa zamani, lakini sauti ya kila chombo imetengenezwa upya, na "Mad the Swine", uliokuwa umeachwa, umerudishwa mahali pake. Iliwezekana kwa sababu tepu za awali, kila chombo na mkondo wake, zilitunzwa kwa zaidi ya miaka 50. Basi mkimaliza kulipa, msiondoke na wimbo uliokwisha kuchanganywa peke yake. Ombeni mafaili ya kila chombo, myahifadhi sehemu mbili tofauti, na makubaliano hayo yafanyike kabla hamjapiga noti ya kwanza.